Santuri ya Leza na Sabufa: Kuunganisha Vyombo vya Zama Mbili

Mafundi wa redio wa Nachingwea na Ruangwa, kama wenzao wa miji mingine midogo ya Tanzania, hupokea kila mara deki ambayo mwenyewe anasema imekufa. Mtu amenunua televisheni bapa na sabufa yenye spika tano, ameviunganisha na deki yake ya miaka mingi, na alichopata ni kioo cheusi na mvumo mkubwa katika spika. Fundi akiifungua deki huona injini inazunguka, jicho la leza linawaka na fyuzi haikuungua. Deki ni nzima. Tatizo ni kwamba kinachotoka ndani yake hakifahamiki na chombo kilicho upande wa pili wa waya.

Hasara ya kuitupa deki hiyo haiishii katika bei yake. Mji wa Nachingwea wenyewe umo katika filamu: mwaka 1975 Mwyugoslavia Dragutin Popović alitengeneza filamu yenye jina hilo hilo, kuhusu kambi ya FRELIMO iliyokuwapo hapo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Filamu za namna hiyo hutunzwa na taasisi za kumbukumbu. Kanda ya arusi ya mkulima wa korosho, au ya mahafali ya shule, haina mlinzi ila kabati la nyumbani, na aghalabu haina nakala. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za kanda za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Pioneer iliacha kutengeneza mashine za santuri za leza mwaka 2009. Kwa hiyo kila deki nzima inayotupwa leo inapunguza idadi ambayo haitaongezeka tena.

Mfano utakaotumika hapa ni ile santuri ya leza. Chombo hiki ni adimu nchini, na wanafunzi wengi hawajapata kukiona. Hata hivyo ndicho kaka mkubwa wa CD, VCD na DVD, na mgongoni mwa mashine yake mna takriban kila aina ya tundu linalopatikana katika deki nyingine. Anayefahamu jinsi ya kuiunganisha na sabufa hatashindwa na deki ya kanda.

Jinsi deki ilivyofika

Kabla ya televisheni, picha za sinema zilifika vijijini kwa magari yaliyotandika kitambaa cheupe uwanjani, yakaonyesha filamu usiku na kuondoka. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pengo hilo lilijazwa na kanda za video, nyingi zikipitia Zanzibar na nchi za Ghuba, na vibanda vya kuonyeshea video vilivyopewa jina la vibanda umiza. Kisha zikaja VCD na DVD. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, kwanza Dar es Salaam, na king'amuzi kikawa kitu cha lazima. Hapo watu wengi walijikuta nyuma ya televisheni, wakijiuliza waya wa manjano, mweupe na mwekundu kila mmoja unaingia wapi.

Vishimo, mwanga na kilomita 34

Santuri ya leza ina kipenyo cha sentimita 30, sawa na santuri kubwa ya muziki ya zamani. Iliuzwa kwa mara ya kwanza Marekani, mjini Atlanta, Desemba 1978, kutokana na kazi ya kampuni za Philips na MCA. Uso wake unang'aa kama kioo, na chini ya plastiki kuna mamilioni ya vishimo vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje.

Mwanga wa leza hupigwa juu ya mstari huo. Unapoangukia mahali pasipo na kishimo hurudi wote. Unapoangukia kishimo, sehemu ya mwanga hurudi kutoka chini yake na sehemu nyingine kutoka ukingoni. Kina cha kishimo ni kama robo ya urefu wa wimbi la mwanga huo ndani ya plastiki. Mwanga unaoshuka na kupanda tena huchelewa kwa nusu wimbi, na mawimbi mawili yaliyopishana kwa nusu wimbi hufutana. Mwanafunzi aliyesoma kuingiliana kwa mawimbi kidato cha nne ataona kwamba hapa somo hilo limegeuzwa kuwa kalamu ya kusomea. Mashine za mwanzo zilitumia leza ya gesi za heliamu na neoni, yenye mwanga mwekundu wa nanomita 632.8. Za baadaye zilitumia leza ndogo ya kinusupitishi, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho.

Katika santuri ya mtindo wa PAL ya aina inayozunguka kwa mwendo usiobadilika, kila mzunguko mmoja huchukua picha moja kamili. Televisheni ya PAL huonyesha picha 25 kwa sekunde, hivyo santuri huzunguka mara 25 kwa sekunde, yaani mara 1,500 kwa dakika. Upande mmoja hudumu dakika 36. Zidisha 36 kwa 60, kisha kwa 25: ni picha 54,000. Mistari imeachana kwa mikromita 1.6 hivi, na ukichukua nusu kipenyo cha wastani kuwa sentimita 10, urefu wa mstari wote unafikia kama kilomita 34. Ukingoni, santuri hiyo hukimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Darasa linaweza kulihakikisha hilo kwa kalamu na karatasi, na ni hesabu inayovutia zaidi kuliko ile ya gurudumu la baiskeli.

Sasa lifikiriwe jambo linalowapotosha wengi. Kwa kuwa santuri hii husomwa kwa leza kama CD, watu hudhani kwamba picha yake ni ya dijitali. Sivyo. Katika CD mpangilio wa vishimo ni tarakimu, sifuri na moja. Katika santuri ya leza urefu wa vishimo na nafasi baina yao hubadilika kwa mfululizo, bila ngazi, kufuata wimbi lenyewe la picha. Ni FM, kama ya redio, ila imeandikwa katika plastiki badala ya kurushwa hewani. Katika santuri za mtindo wa Marekani, wimbi la picha hucheza baina ya mizunguko milioni 7.6 na milioni 9.3 kwa sekunde, na chini yake yamepangwa mawimbi mawili ya sauti, la kushoto kwenye milioni 2.3 na la kulia kwenye milioni 2.8. Ni kama vituo vitatu vya redio vinavyokaa katika mstari mmoja wa vishimo.

Njia ya picha

Kanuni ya kwanza katika kuunganisha ni kuitenga picha na sauti. Kila moja ina njia yake, na hakuna ulazima wa zote mbili kwenda katika chombo kimoja.

Picha hutoka kwa tundu la manjano. Humo mna mwangaza, rangi na alama za kupanga mistari, vyote vimechanganywa katika wimbi moja la takriban volti moja. Televisheni bapa nyingi bado zina tundu la kuipokea, lakini limefichwa. Katika baadhi yake tundu la manjano na la kijani ni moja, na mtumiaji lazima achague kwa rimoti. Katika nyingine kuna kijitundu chembamba kama cha visikilizio, kinachohitaji waya wenye pini ya pete nne, na hapa ndipo matatizo mengi huzaliwa, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana ni pete ipi ya picha na ipi ya kurudishia umeme. Waya uliokuja na king'amuzi fulani huenda usifae kwa televisheni fulani, ingawa pini inaingia vizuri kabisa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kioo ni cheusi na spika moja inanguruma. Mngurumo huo ni picha inayosikika. Wimbi la picha ya PAL hujirudia mara 50 kwa sekunde, na likiingia katika tundu la sauti, sikio hulipokea kama mvumo mkali wa hezi 50. Mara nyingi dawa ni kubadilishana vichwa vya manjano na vya mwekundu au mweupe upande wa deki, au kutafuta waya mwingine.

Televisheni isiyo na tundu la analojia huhitaji kigeuzi, kijisanduku kidogo kinachopokea nyaya tatu za rangi na kutoa HDMI. Madukani kuna vijisanduku viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja hugeuza AV kuwa HDMI, kingine HDMI kuwa AV. Kigeuzi hakifanyi kazi kwa kurudi nyuma, kwa hiyo maandishi yake yasomwe kabla ya kulipa. Tena kinahitaji umeme wake wa volti 5, ambao huweza kuchukuliwa katika tundu la USB la televisheni.

Kuna pia suala la mtindo wa rangi. Tanzania ilifuata PAL, yenye mistari 625. Marekani na Japani zilifuata NTSC, yenye mistari 525. Santuri nyingi za leza ni za NTSC. Kigeuzi au televisheni iliyowekwa PAL pekee ikipokea NTSC, picha huonekana nyeusi na nyeupe, au hupanda na kushuka bila kutulia, kwa sababu rangi ya NTSC huchukuliwa na wimbi la megahezi 3.58 na ile ya PAL na wimbi la megahezi 4.43. Televisheni nyingi za siku hizi hutambua zote mbili. Kigeuzi cha bei ndogo huenda kisitambue.

Njia ya sauti

Neno sabufa, ambalo watu wamelipa seti nzima, kwa haki ni la spika moja tu, ile ya sauti nzito. Yafaa pia kujua kwamba spika tano si lazima ziwe njia tano za sauti. Seti nyingi za bei nafuu hupokea njia mbili, kushoto na kulia, kisha huzigawa kwa spika zote. Mwenye seti ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika na aina nyingine za sauti: tundu jeupe na jekundu za deki ziingizwe katika tundu jeupe na jekundu za sabufa, na kazi imekwisha.

Iangaliwe tu kwamba ni matundu ya kuingizia. Sauti itokayo katika deki ni hafifu, sehemu ya volti moja. Sauti iendayo katika spika ni kitu kingine. Amplifaya ya wati 50 ikiendesha spika ya omu 8 hutoa volti ambayo ni kipeuo cha pili cha 50 mara 8, yaani volti 20. Anayechukua waya wa spika na kuuingiza katika tundu la kuingizia sauti huipa sakiti nguvu kubwa mara nyingi kuliko ilivyoundwa kupokea.

Hata hivyo njia mbili zaweza kubeba zaidi ya sauti mbili. Filamu nyingi za miaka ya 1980 zilirekodiwa kwa ufundi wa Dolby ambao ulificha spika ya katikati na za nyuma ndani ya kushoto na kulia. Siri yake ni hesabu ya darasa la saba. Sauti ya mwigizaji huandikwa sawa katika njia zote mbili: kushoto 4, kulia 4. Ukizijumlisha unapata 8, ukizitoa unapata sifuri. Mvua huandikwa kinyume: kushoto 3, kulia hasi 3. Jumla ni sifuri, tofauti ni 6. Chombo hupeleka jumla katika spika ya katikati na tofauti katika spika za nyuma, na mwigizaji husikika mbele huku mvua ikinyesha kumzunguka msikilizaji. Kwa sababu hiyo hiyo, spika moja ikifungwa nyaya zake kinyume, sauti ya mwigizaji husikika nyembamba na haieleweki inatoka wapi. Betri ya volti 1.5 ikigusishwa kidogo kwenye nyaya za spika iliyochomolewa itaonyesha: ngozi ya spika zote lazima iruke upande mmoja.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 santuri za leza ziliongezewa sauti ya dijitali kama ya CD. Mashine nyingine huitoa kwa tundu la mwanga, ambalo ndani yake huonekana taa nyekundu, na sabufa yenye tundu kama hilo huipokea moja kwa moja. Faida kubwa ni kwamba waya wa mwanga haupitishi umeme, hivyo hauwezi kuleta mvumo.

Mwaka 1995 likaja tundu la ajabu kuliko yote. Dolby Digital ya njia sita iliingizwa katika santuri ya NTSC kwa kulifukuza wimbi la sauti ya kulia ya analojia na kukalia nafasi yake, kwenye megahezi 2.88. Tundu lake linafanana kabisa na tundu jingine la sauti ya dijitali. Hata kichwa cha waya ni kile kile. Ukiuingiza waya huo katika tundu la dijitali la sabufa ya leo, husikii kitu. Tarakimu zimo, lakini bado zimepanda juu ya wimbi la redio, na lazima zishushwe kwanza na kitenganishi maalumu, chombo ambacho watengenezaji wa amplifaya waliacha kukitia ndani baada ya miaka michache tu. Mtu mwenye santuri kama hiyo na asiye na kitenganishi hajapoteza filamu yake. Atumie tundu la mwanga, apate sauti ya njia mbili, na aiachie ile hesabu ya kujumlisha na kutoa imtafutie spika za nyuma.

Limebaki tatizo moja ambalo haliletwi na waya. Televisheni bapa hutumia muda kidogo kuitayarisha picha, pengine sehemu ya kumi ya sekunde, ilhali sauti iliyokwenda sabufa moja kwa moja haikuchelewa. Mtazamaji aliyekaa upande wa mbali wa Uwanja wa Majaliwa mjini Ruangwa huona mpira wa Namungo ukipigwa kabla ya kusikia kishindo, kwa sababu sauti husafiri mita 340 tu kwa sekunde; jambo hilo ni la kawaida na halimsumbui. Lakini katika televisheni sauti hutangulia mdomo, kinyume cha maumbile, na ubongo huikataa mara moja. Sabufa nzuri zina kitufe cha kuichelewesha sauti. Isiyo nacho iunganishwe kupitia televisheni yenyewe, ili picha na sauti zichelewe pamoja.

Umeme na mvumo

Mashine nyingi za santuri za leza zilitengenezwa kwa volti 100 za Japani au 120 za Marekani. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, chombo chenye ukinzani usiobadilika kilichoundwa kwa volti 100 kikipewa 230 hupokea nguvu zaidi ya mara tano. Kibandiko cha nyuma kisomwe, na transfoma ya kushusha volti ipatikane kabla ya plagi kuingizwa ukutani. Kwa wanaotumia sola, inveta zinazotoa umeme wa mawimbi ya ngazi huweza kuongeza kelele katika vyombo vya analojia. DVD huenda isidhurike, lakini deki ya kanda itavuma.

Mvumo ambao hauondoki hata waya ukibadilishwa hutokana mara nyingi na vyombo viwili kuwa na njia mbili za kwenda ardhini, moja kupitia plagi na nyingine kupitia waya wa antena au dishi. Njia hizo mbili hufanya mzunguko, na mzunguko hunasa hezi 50 za umeme wa nyumba. Chomoa waya wa antena. Mvumo ukikoma, chanzo kimejulikana. Vyombo vyote viwekwe katika soketi ya pamoja. Wapo wanaokata waya wa ardhi ili kuondoa kelele. Kelele huondoka kweli, pamoja na kinga ya mtu atakayegusa chuma cha chombo siku kinapovuja umeme.

Deki isifunguliwe na wanafunzi bila fundi au mwalimu. Kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na leza isiyoonekana haimwonyi mtu anayeichungulia.

Kunakili kabla haijachelewa

Waya ule ule wa manjano, mweupe na mwekundu uliofika salama kwenye sabufa na televisheni waweza pia kuingia katika kinakilishi cha USB, na kompyuta ikaandika faili la dijitali. Kunakili huchukua muda ule ule wa kutazama: kanda ya saa tatu ni saa tatu. Ianzwe na kanda isiyo na nakala, filamu za dukani zingoje.

Joto na unyevu wa kusini havisaidii. Katika santuri za leza, hewa yenye unyevu hupenya gundi iliyounganisha pande mbili, na tabaka la alumini huanza kuharibika; picha hutokwa na vidoa vinavyometameta, na hakuna tiba. Kanda za sumaku huota ukungu, ambao huonekana kama unga mweupe ukingoni mwa utepe kupitia dirisha la kanda. Kanda zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na bati la paa na mbali na spika, kwani sumaku ya spika kubwa hufuta. Kanda yenye unga huo isitiwe katika deki yoyote kabla ya kusafishwa, maana ukungu hubaki katika kichwa cha kusomea na kuhamia kanda inayofuata.